Mbele ya Wenzako: Historia ya Warsha ya Uandishi

Zaburi ya 18

Benjamin Franklin alipokuwa kijana wa kiwanda cha uchapaji mjini Philadelphia, miaka mingi kabla hajaingia katika siasa, alikuwa na marafiki watatu waliopenda vitabu kama yeye: Charles Osborne, Joseph Watson na James Ralph. Siku za Jumapili walikwenda matembezi msituni kando ya Mto Schuylkill, wakasomeana na kujadili walichokisoma. Ralph alikwisha kuamua kuwa atakuwa mshairi. Osborne hakuona dalili yoyote ya ushairi ndani yake, na hakumficha. Siku moja wakakubaliana kwamba watakapokutana tena kila mmoja aje na utungo wake, wote waigeuze Zaburi ya 18 iwe shairi, kisha wakosoane na kurekebishana.

Kabla ya siku kufika, Ralph akamwendea Franklin faraghani na utungo wake mkononi. Franklin alikuwa amebanwa na kazi, hakuwa ameandika kitu. Akausoma ule wa mwenzake, akauona mzuri mno. Ralph akamwambia kwamba Osborne hatakubali kamwe uzuri wa jambo lolote litokalo kwake, lakini hamwonei Franklin wivu kiasi hicho. Basi auchukue, ausome kana kwamba ni wake. Ikawa hivyo. Franklin akajifanya anaona haya, akaomba udhuru, mwishowe akasoma. Osborne akausifu, akausifu tena. Ralph akautia dosari mbili tatu ili kuficha siri, naye Franklin akautetea. Njiani kurudi nyumbani Osborne akazidi kummiminia sifa Franklin mbele ya Ralph, mwenye utungo. Walipokutana tena siri ikafichuliwa, na Osborne akachekwa.

Franklin alikiandika kisa hiki katika kitabu cha maisha yake. Kwa maoni yangu hakuna mwanzo unaoifaa zaidi historia ya warsha ya uandishi, maana swali ambalo karne tatu zilizofuata zimehangaika nalo limo humo lote: wenzako wanapokusoma, wanasoma maandishi au wanakusoma wewe? Mwaka 1727 Franklin aliunda klabu iliyoitwa Junto, ya mafundi na wafanyabiashara wadogo, na moja ya masharti yake lilikuwa kwamba kila baada ya miezi mitatu mwanachama aandike insha na kuisoma mbele ya wenzake. Vyuo vya Marekani vikafuata njia hiyohiyo bila kukusudia. Mchana maprofesa walifundisha Kilatini na Kigiriki. Jioni wanafunzi walikusanyika katika vyama vyao vya fasihi, wakasomeana insha na hotuba, wakamteua mmoja wao awe mkosoaji wa siku hiyo. Kwa zaidi ya karne moja, kujifunza kuandika kwa lugha ya kila siku kulikuwa kazi ya wanafunzi wenyewe.

Klabu inaingia darasani, 1880–1925

Mabadiliko yalianzia Harvard. Katika miaka ya 1880 Barrett Wendell aliwataka wanafunzi wake waandike ukurasa mmoja kila siku, juu ya jambo lolote waliloliona. Hapo kuandika kukaanza kuhesabiwa kuwa zoezi la darasani. Mwenzake wa chuoni hapo, George Pierce Baker, akaenda mbele zaidi. Somo lake la utunzi wa tamthilia, lililoorodheshwa kwa namba 47, lilizaa karakana ya maonyesho ambamo tamthilia za wanafunzi ziliigizwa mbele ya hadhira ya waalikwa. Mwalikwa hakuja kustarehe tu. Sharti la kukaa kitini lilikuwa kuandika maoni yake, na maoni hayo yakamfikia mtunzi. Kutoka katika karakana hiyo, jina la mahali pa mafundi, *workshop*, likahamia kwa watu wa kalamu, likabaki huko hadi leo. Eugene O'Neill alipita katika darasa la Baker mwaka wa masomo 1914–15. Harvard haikuuthamini sana mradi huo, na mwaka 1925 Baker akahamia Yale.

Mbali na pwani ya mashariki, katika jimbo la wakulima wa mahindi, Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa kimeanzisha darasa la utunzi wa mashairi mwaka 1897. Mwalimu wake alikuwa George Cram Cook, kijana ambaye baadaye angeongoza kundi la maigizo la Provincetown, lile lililopandisha jukwaani tamthilia za mwanzo za O'Neill.

Hata hivyo darasa moja la mashairi halikuweza kubadili chuo. Kilichobadili chuo ni uamuzi wa mwaka 1922, na aliyeutoa hakuwa mshairi. Carl Seashore, mwanasaikolojia aliyetumia maisha yake kupima vipaji vya muziki, alikuwa mkuu wa masomo ya uzamili pale Iowa. Vyuo vya Marekani vilikuwa vimeiga mtindo wa Ujerumani, ambako shahada ya juu ilipatikana kwa tasnifu ya utafiti peke yake. Seashore akatangaza kwamba Iowa itapokea kazi za sanaa mahali pa tasnifu: diwani, tamthilia, muziki, uchoraji. Tangu siku hiyo mtu aliweza kupewa shahada kwa mashairi yake. Na shahada ikishakuwepo, lazima pawepo namna ya kuipima kazi. Nani aipime, na kwa kanuni zipi? Warsha kama tuijuavyo ni jibu la swali hilo.

Mabanda ya kando ya mto, 1936–1965

Mwaka 1936 Wilbur Schramm alikusanya madarasa ya uandishi yaliyotawanyika chuoni Iowa akayafanya programu moja, ile ijulikanayo kama Iowa Writers' Workshop. Miaka mitano baadaye akaipokea Paul Engle, mwana wa jimbo hilohilo, ambaye diwani yake iliyotokana na tasnifu ya Iowa ilikwisha kutunukiwa na Yale mwaka 1932. Engle alikaa kwenye uongozi hadi 1965. Alikuwa mshairi wa wastani na mchangishaji fedha wa kutisha: aliwaendea wenye viwanda na mashirika, akawashawishi kwamba kuwatunza waandishi ni sehemu ya kuitetea Marekani.

Lakini hata Engle asingefika mbali bila vita. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia wanajeshi waliorudi ada za masomo, na kufikia 1947 karibu nusu ya wote waliodahiliwa katika vyuo vya Marekani walikuwa watu waliotoka jeshini. Iowa ikafurika. Madarasa ya uandishi yalifanyika katika mabanda ya muda ya mtindo wa kijeshi yaliyosimikwa kando ya Mto Iowa. Waliokaa humo walikuwa watu wazima walioona mengi, wengine wenye wake na watoto. Kuwapa mihadhara ya namna ya kuandika kungekuwa upuuzi. Ilikuwa rahisi zaidi kuwaacha wasomane.

Hapo ukajengeka utaratibu ulioenea baadaye. Kazi ya mwanafunzi ilipigwa stensili na kugawiwa mapema. Siku ya darasa wote walizunguka meza, wakaijadili mbele ya mwenyewe, naye akanyamaza. Asieleze alichokusudia, asijitetee. Ukimya huo ulikuwa na baba yake wa kinadharia: uhakiki uliotawala vyuo vya Marekani wakati ule, ulioshikilia kwamba maana ya shairi imo ndani ya shairi, na kwamba nia ya mtunzi na maisha yake si ushahidi. Kitabu cha Cleanth Brooks na Robert Penn Warren cha mwaka 1938 kilikuwa kimeusambaza mtazamo huo madarasani kote. Warsha ikaugeuza nidhamu ya kukaa mezani.

Sitaudharau utaratibu huu, maana una hekima yake. Kitabu kikishatoka, mwandishi hakifuati nyumbani kwa kila msomaji akakieleze. Anayelazimika kunyamaza wakati wenzake wanapotea katika aya yake ya tatu anajifunza jambo ambalo mwalimu hawezi kumwambia kwa maneno: kwamba alichodhani amekiandika kingali kichwani mwake, hakijafika kwenye karatasi. Na kuna faida nyingine ambayo husemwa kwa nadra, nami naiona kubwa zaidi. Wiki ambazo si zamu yako ndizo zinazokufundisha. Unatafuta kwa nini hadithi ya mwenzako imepooza katikati, unagundua kwamba mhusika wake anafikiri mno na hatendi, unamwambia. Kisha usiku unafungua muswada wako na kumkuta mhusika yuleyule. Kosa lako mwenyewe hulioni mpaka umelikuta kwa mwingine.

Mwaka 1945 alifika Iowa binti mwembamba kutoka Georgia. Lafudhi yake ya Kusini ilikuwa nzito kiasi kwamba Engle hakumwelewa, akamwomba aandike anachotaka kusema. Alikuwa Flannery O'Connor. Alihitimu 1947, naye ni miongoni mwa majina makubwa kabisa yaliyotoka katika meza ile. Hata hivyo, alipokuja kuzungumzia ufundishaji wa uandishi, hakuyaficha maoni yake. Aliona madarasa ambamo wanafunzi wanakosoana kuwa ya hatari, kwa kuwa ukosoaji huo, kwa maoni yake, ulichanganya kutojua, kubembelezana na chuki. Osborne wa Philadelphia angekuwa shahidi wake mzuri.

South Side, 1941

Wakati Engle anapokea uongozi Iowa, mjini Chicago ilifunguliwa meza nyingine ambayo historia za vyuo huipita haraka. Kituo cha sanaa cha jamii cha South Side, kitongoji cha Weusi, kilikuwa kipya, na mwaka 1941 Inez Cunningham Stark, mwanamke Mzungu tajiri aliyekuwa karibu na jarida la *Poetry*, alianzisha hapo darasa la ushairi. Marafiki zake walimwonya asiende sehemu hizo. Alikwenda.

Waliokuja walikuwa vijana Weusi wenye kazi za kawaida na hamu isiyo ya kawaida. Gwendolyn Brooks alikuja pamoja na mumewe, Henry Blakely, ambaye naye aliandika. Edward Bland, kijana mwenye akili kali ya uhakiki, alikuwa mmoja wao. Vita vilimchukua, hakurudi. Stark aliwaletea vitabu na majarida ya ushairi wa kisasa, lakini moto ulitoka kwao wenyewe. Walikuwa wakali. Mstari uliolegea haukuvumiliwa, wala hisia iliyotiwa sukari. Na walipokosoa mstari uliozungumzia jiko dogo la kuchangia na korido iliyonuka vitunguu, walijua jiko hilo na korido hiyo vilivyo. Hawakuhitaji kuelezwa. Waliweza kumwambia mwenzao kwamba amekosea bila yeye kushuku kuwa wanachokataa ni mtaa wake.

Diwani ya kwanza ya Brooks ilitoka 1945, na mwaka 1950 akawa Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer. Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi. Mwaka 1967, akiwa mshairi mwenye heshima zake zote, alihudhuria mkutano wa waandishi Weusi katika Chuo Kikuu cha Fisk, akakutana na kizazi kipya kilichoandika kwa hasira na kwa lugha ya barabarani. Aliporudi Chicago alianzisha warsha kwa vijana wa genge la Blackstone Rangers, na washairi chipukizi wakajiunga, akiwemo Don L. Lee, ambaye baadaye alijiita Haki Madhubuti. Wakajadiliana naye nyumbani kwake, wakampinga, wakamkosoa. Mwanamke wa miaka hamsini, mwenye Pulitzer, alikubali kukaa mezani kama mwenzao. Uandishi wake ukabadilika, na miaka miwili baadaye akaanza kutoa vitabu vyake kwa Broadside Press, kampuni ndogo ya Weusi ya Detroit, badala ya wachapishaji wakubwa wa New York.

Kampala na Nairobi, 1962–1968

Kwetu Afrika Mashariki, mwaka unaotajwa daima ni 1962, na mahali ni Makerere. Juni ile walikutana Kampala waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele, na Langston Hughes kutoka Marekani. Kazi zilisomwa na kujadiliwa kwa ukali wa warsha. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado mwanafunzi pale chuoni, alimpa Achebe muswada wa riwaya ili ausome. Achebe akausoma, akampa maoni, akaufikisha kwa mchapishaji. *Weep Not, Child* ikatoka 1964. Mkutano ulifadhiliwa na shirika la Congress for Cultural Freedom, lililosaidia pia kituo cha Chemchemi ambacho Mphahlele alikiongoza Nairobi kuanzia 1963. Katika miaka ya 1966 na 1967 dunia ilijua kwamba fedha za shirika hilo zilitoka CIA. Wachunguzi wa baadaye wameonyesha kwamba programu ya kimataifa ya waandishi ambayo Engle na Hualing Nieh waliianzisha Iowa mwaka 1967 nayo ilipata msaada kupitia mfuko uliotumiwa na shirika hilohilo la ujasusi. Waandishi wengi waliokaa katika meza hizo hawakujua lolote juu ya jambo hilo. Lakini waliolipia meza walikuwa na maoni yao juu ya nani akae.

Nani hakukaa? Shaaban Robert alifariki Juni hiyohiyo ya 1962. Diwani zake na hadithi zake zilikuwa zinasomwa kuanzia Tanga hadi Kongo, lakini mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza, kwa hiyo yeye na wenzake wote wa Kiswahili hawakuwa na sifa ya kualikwa. Ngũgĩ aliliona hilo baadaye na kuliandika kwa uchungu. Na si kwamba washairi wa Kiswahili walikosa desturi ya kusomana. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana tungo na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama, shairi likijibiwa kwa shairi. Tangu 1923 gazeti la *Mambo Leo* lilitoa nafasi kwa washairi waliojibizana kutoka pembe zote za Tanganyika. Anayejibu alilazimika kumsoma mwenzake neno kwa neno, akapima vina na mizani, akaona hoja ilipolegea, kisha akatunga bora kuliko yeye. Huko mwandishi hakunyamazishwa. Alijibu, naye akajibiwa tena, na wasomaji wakawa waamuzi.

Katika miaka hiyo Taban lo Liyong, mzaliwa wa Sudan ya Kusini aliyekulia kaskazini mwa Uganda, alikuwa Marekani. Mwaka 1965 alichapisha makala iliyouliza kama ukame wa fasihi Afrika Mashariki unaweza kutibika, na wengi wakakasirika. Mwaka 1968 alipata shahada ya Iowa ya uandishi, akitajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Mtu angetarajia arudi na Iowa begani na kuipanda Nairobi kama ilivyo. Oktoba mwaka huohuo, yeye, Ngũgĩ na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka kwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, Afrika iwekwe katikati ya mtaala, na fasihi simulizi ipewe hadhi yake. Waraka haukuzungumzia warsha. Lakini ulitaka chuo kiamue upya ni kazi zipi zitasomwa na kwa macho ya nani, na hilo ndilo suala ambalo meza ya Iowa haikuwa imejiuliza.

Kamiriithu, 1977

Jibu la ndani zaidi halikutoka chuoni. Lilitoka Kamiriithu, kijiji cha karibu na Limuru, penye mashamba ya chai na kiwanda cha viatu cha Bata. Mwaka 1976 kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji kiliwaomba Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waandike tamthilia kwa Kikuyu. Wawili hao wakaleta rasimu ya *Ngaahika Ndeenda*, na kijiji kikaanza kuihariri.

Wafanyakazi wa kiwandani walijua mshahara wa wiki na bei ya kiatu walichokitengeneza, wakasahihisha palipokuwa na makosa. Wazee waliopigana au kuteseka katika vita vya Mau Mau walirekebisha kumbukumbu. Wazungumzaji hodari walikataa maneno yasiyofaa kinywani mwa mzee, au kijana kumsemesha mkubwa wake kwa namna isiyo ya adabu. Sehemu nzima ya nyimbo za gĩtiiro iliandikwa kwa kufuata imla ya mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika. Mazoezi yalifanyika hadharani, kwa hiyo hata mpita njia alikuwa na maoni. Wakajenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa watu wapatao 2,000.

Tazama tofauti yake na mabanda ya Iowa. Kule wasomaji walikuwa waandishi watarajiwa, nao walihukumu kama waandishi: umbo, sauti, mpangilio. Hapa aliyetoa maoni alikuwa mtu ambaye habari yenyewe ilimhusu, na ufundi wa lugha aliokuwa nao haukutoka katika kitabu chochote. Ngũgĩ, profesa mwenye riwaya nne, alijikuta akifundishwa lugha ya mama yake. Ameandika kwamba Kamiriithu ilikuwa shule yake.

Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa mabasi na matatu. Tarehe 16 Novemba serikali ikaondoa kibali. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, na huko gerezani akaandika riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu. Mwaka 1982 polisi waliubomoa ukumbi. Sijui warsha nyingine ya uandishi ambayo dola iliiogopa kiasi hicho.

Mwalimu anajiondoa, meza zinaongezeka, 1970–2007

Marekani nako mamlaka ya mwalimu yalikuwa yanatikiswa, ijapokuwa kwa upole zaidi. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari mjini humo, na maelfu ya vijana ambao hawakuandaliwa kuandika kitaaluma wakaingia. Kenneth Bruffee wa Brooklyn College aliona kwamba msaada ambao vijana hao waliukwepa kutoka kwa walimu waliupokea kutoka kwa wanafunzi wenzao, akaujengea nadharia. Mwaka 1973 Peter Elbow akachapisha *Writing Without Teachers*. Elbow alikuwa amewahi kukwama kabisa kuandika, na pendekezo lake linaonyesha huruma ya mtu aliyeteseka: kundi lisilo na mwalimu, linalokutana kila wiki, ambamo msomaji hatoi hukumu. Anaeleza tu kilichompata aliposoma. Wapi alichoka, wapi alisisimka, wapi alipotea. Msomaji hawezi kukosea kuhusu kilichompata yeye mwenyewe.

Iowa iliendelea kuzaa watoto na kuwaumiza baadhi yao. Sandra Cisneros, binti wa familia yenye asili ya Meksiko kutoka Chicago, alihitimu hapo 1978. Semina moja ilijadili nyumba kama hazina ya kumbukumbu na ndoto, wenzake wakazungumza kwa utulivu juu ya dari na vyumba vya chini, naye akatambua kwamba hajawahi kuishi katika nyumba ya namna hiyo. Aibu ikageuka hasira, hasira ikageuka kitabu: *The House on Mango Street*, 1984. Rafiki yake Joy Harjo, wa taifa la Muscogee, alikuwa darasani kipindi hichohicho, na wawili hao walifarijiana. Mwaka 1995 Cisneros alianzisha warsha yake mwenyewe, Macondo, mjini San Antonio, kwenye meza ya jikoni kwake.

Mwaka uliofuata Toi Derricotte na Cornelius Eady wakaanzisha Cave Canem kwa ajili ya washairi Weusi. Na mwaka huohuo wa 1996, Kampala, Mary Karooro Okurut, mhadhiri wa fasihi wa Makerere, aliwaongoza wanawake wenzake kuzindua FEMRITE. Hawakuwa wameshauriana na wa San Antonio, lakini sababu ilikuwa moja: wanawake wa Uganda walikuwa na miswada kwenye madroo, na hapakuwa na mtu wa kuisoma. Kila Jumatatu jioni waandishi na wasomaji walikutana, mmoja akasoma, wengine wakasema. Goretti Kyomuhendo, mratibu wa kwanza, alikwenda kwenye programu ya kimataifa ya Iowa mwaka 1997 akarudi kuendeleza kazi nyumbani. Kufikia 1998 FEMRITE ilikuwa inachapisha vitabu vyake yenyewe. Mwaka 2007 mmoja wa wanachama wake, Monica Arac de Nyeko, akawa Mganda wa kwanza kupata Tuzo ya Caine, kwa hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili. Hadithi kama hiyo isingepata wasomaji wakweli katika meza ya kwanza iliyopatikana. Ilimhitaji mwandishi aliyekulia kati ya wanawake waliozoea kuambiana yasiyosemwa.

Mwandishi apewe nafasi ya kusema

Mwaka 2014 Junot Díaz, ambaye mwaka 1999 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa warsha ya VONA huko San Francisco, aliandika katika *The New Yorker* juu ya masomo yake ya uzamili Cornell: mezani pale kila kitu kilijadiliwa isipokuwa rangi. Makala ile ilifungua vinywa vingi. Mwaka 2021 Matthew Salesses, mzaliwa wa Korea aliyelelewa Marekani, alitoa *Craft in the Real World*, akaukosoa ukimya wenyewe. Ukimya wa mwandishi, alisema, ulibuniwa kwa watu waliofanana, ambao hadhira waliyoifikiria ilikuwa moja. Akiingia mtu anayeandika kwa ajili ya hadhira nyingine, wenzake watamwambia aeleze chakula, afafanue salamu, apunguze majina, naye hana ruhusa ya kuwajibu kwamba hawaandikii wao. Salesses akapendekeza njia kadhaa za kumrudishia sauti: mwandishi aanze kwa kusema anamwandikia nani, aulize maswali yake kwanza, wenzake wamuulize kabla ya kuhukumu. Liz Lerman, msanii wa dansi, alikuwa amekwisha kubuni utaratibu wa namna hiyo tangu miaka ya 1990, ambamo maoni hutolewa mwisho kabisa, na kwa idhini ya mwenye kazi.

Leo mitindo hii yote inaishi pamoja. Kuna wakufunzi wanaoshikilia ukimya wa zamani na wanaouona ni ukatili. Mimi nauthamini ukimya huo kwa mwandishi anayewaandikia wale waliokaa naye mezani, maana hapo kuchanganyikiwa kwao ni habari anayoihitaji. Lakini kijana wa Kigoma au Kwale anayepeleka hadithi ya Kiswahili kwenye warsha inayoendeshwa kwa Kiingereza, akaijadili kwa tafsiri mbele ya watu wasiojua mzaha wake umekaa wapi, ana haki ya kusema. Zaidi ya hapo ana haki ya kupata meza ambayo mwenzake atamwambia, kwa lugha ileile aliyoitumia, kwamba hakuna shangazi wa Kwale anayezungumza hivi. Idara zetu za Kiswahili zimefundisha kwa bidii uhakiki wa vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Miswada ambayo bado inaweza kubadilika nayo inahitaji kupata siku yake ya wiki, chumba chake, na watu wanane au kumi waliokwisha kuisoma kabla ya kufika.